Kompyuta ikikataa kuwaka, tusianze na kufomati

Bunia, Ituri. Wale wanaotusikiliza kila asubuhi wanakumbuka juma lile ambalo matangazo ya kutafuta watu yalikatika. Tangu Jumatatu hadi Jumamosi hatukusoma jina hata moja. Wengine walidhani tumekatazwa na wakubwa. Wengine walisema sokoni kwamba radio imechoka na habari za wakimbizi. Ukweli ni mdogo kuliko hayo, na unaaibisha: kompyuta ya studio ilikataa kuwaka, fundi akaja, akaifomati, na majina yakaenda.

Majina yale ni ya watu. Mtoto aliyepotezana na mama yake kwenye njia ya Komanda. Mzee aliyebaki nyuma Djugu wakati vijana walikimbia usiku, na watu wake hawajui kama yuko hai. Pamoja na majina kulikuwa na sauti, mazungumzo ya miaka mitatu tuliyorekodi kwenye kambi za waliohama, na baadhi ya waliozungumza humo wamekwisha kufa. Siku chache baadaye mama mmoja alifika mlangoni kwetu kutoka upande wa Kigonze. Hakuja kulalamika. Aliuliza tu: «Mwanangu, ile sauti ya papa wa watoto mliyochukua mwaka ule, bado naweza kuisikia? Huyu mdogo hamjui baba yake hata kwa sauti.» Nilimwambia arudi juma lijalo. Nilijua kwamba hakuna kitu cha kumsikilizisha, lakini sikuwa na nguvu ya kulisema.

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwandishi mwenye hasira hutafuta mtu mmoja wa kubebesha mzigo. Sasa hasira imepungua. Fundi yule ni kijana mwema, na alifanya kile ambacho mafundi wengi wa mji huu wanafanya. Ndiyo maana naandika: ubaya uko katika desturi, na desturi hiyo bado inaendelea katika mashule, katika ofisi za mashirika, katika vituo vya afya, kila mahali ambapo majina ya watu yamewekwa ndani ya kompyuta moja tu.

Mambo yalikwenda hivi. Usiku wa Jumapili umeme ulikatika mara tatu. Kila mara tuliwasha grupu, mafuta yakaisha, kisha umeme ukarudi kwa kishindo. Kile kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta kwa dakika chache tulikuwa nacho zamani, kikafa, hakuna aliyenunua kingine. Asubuhi mashini ilionyesha alama ya Windows, viduara vikazunguka, ikajizima. Ikawaka tena, ikajizima. Mara ya tatu kikaja kioo cha rangi ya buluu chenye maneno ya Kifaransa: Réparation automatique. Chini yake kitufe: Options avancées.

Kijana alifika na flashi yake mfukoni. Kioo kile hakukitazama hata nusu dakika. «Yaya, mfumo umekufa. Tufomati, ndani ya saa mbili mtakuwa hewani.» Nikamwuliza: «Na faili zetu, mdogo wangu?» Akajibu kwamba kama mashini haiwaki, basi na faili zimeharibika. Nilimwamini, maana yeye ndiye fundi. Saa sita mchana tulikuwa hewani kweli, tena na muziki aliotuwekea yeye mwenyewe kutoka katika flashi ileile.

Miezi ilipita kabla sijajua kwamba kioo kile cha buluu kilikuwa mlango, na sisi tuliufunga.

Nieleze polepole, kwa sababu hata mimi nilihitaji kuelezwa mara mbili. Ndani ya karibu kila kompyuta ya Windows, tangu enzi ya Windows Vista, kuna mfumo mdogo wa pili uliofichwa pembeni mwa disiki. Unaitwa mazingira ya uokoaji. Umefungwa wote ndani ya faili moja yenye jina winre.wim, na ukubwa wake ni mamia ya megabaiti tu. Windows kubwa ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kompyuta inaamka ndani ya huo mdogo na kukuuliza unataka kufanya nini. Dereva wa lori la Mahagi anajua gurudumu lake la akiba limefungwa wapi, na anajua kama lina upepo. Sisi tulikuwa nalo, na hatukujua kwamba lipo.

Humo ndani mna nini? Kuna kifaa kinachojaribu kurekebisha mwanzo wa mfumo chenyewe. Kuna njia ya kuirudisha kompyuta katika hali ya siku za nyuma, kama hali hiyo ilihifadhiwa. Kuna njia ya kuondoa mise à jour iliyoharibu mambo. Kuna kitufe cha Réinitialiser ce PC, ambacho kinauliza kama ubakize faili zako au ufute vyote, na hapo mtu asome vizuri kabla ya kubonyeza. Na kuna kile ambacho kwangu ndicho cha thamani zaidi, Invite de commandes, dirisha jeusi la kuandikia amri.

Dirisha hilo jeusi linaogopesha watu. Lakini sikilizeni jambo dogo ambalo lingeokoa majina yetu yote. Unaingia Dépannage, kisha Options avancées, kisha Invite de commandes. Unaandika neno moja, notepad, na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Kinafunguka kile kidaftari cheupe ambacho kila mmoja amekwisha kukiona. Unakwenda Fichier, kisha Ouvrir, unachagua uonyeshwe aina zote za faili, na hapo disiki yako yote iko mbele ya macho. Unachomeka flashi au disiki ya nje, unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, unakopi, unabandika kwenye flashi. Ni polepole, na dirisha halikuonyeshi imefika wapi, kwa hiyo utafikiri imekwama. Ngoja tu. Jueni pia kwamba herufi za disiki zinaweza kubadilika humo: ile uliyozoea kuiita C unaweza kuikuta D. Na mashini ikikuuliza aina ya klavye, chagua ya Kifaransa kama yako ni ya Kifaransa, la sivyo A itakuwa Q na neno lako la siri litakataliwa mpaka ulie.

Hakuna cha kununua hapo, na hakuna intaneti inayohitajika. Disiki yetu ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni faili chache za mfumo, kwa sababu ya umeme ule. Najua hivyo kwa kuwa disiki hiyohiyo tunaitumia mpaka leo.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba mazingira hayo ya uokoaji, jinsi yanavyotoka kiwandani, yanatosha. Hayatoshi. Yanajua kuirekebisha Windows, lakini hayakuonyeshi waziwazi kama disiki yenyewe inakufa. Hayawezi kurudisha faili iliyofutwa. Dirisha la kukopi faili ni lile la kuazima kwenye kidaftari. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kompyuta yoyote inayobeba majina ya watu iongezewe vifaa vya kupima na kutengeneza ndani ya mazingira hayo, mapema, ikiwa bado nzima.

Wazo hili si geni. Zamani, huko Marekani, Mark Russinovich na Bryce Cogswell walikuwa na kampuni yao, Winternals, iliyouza kifaa cha kuingia katika kompyuta iliyokufa na kuitengeneza. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na kifaa kile kikageuka kuwa mkusanyo unaoitwa DaRT, ambao unapanda juu ya mazingira ya uokoaji na kuyaongezea nguvu: kurudisha faili zilizofutwa, kuchunguza kwa nini mfumo ulianguka, kutafuta virusi, kubadilisha neno la siri lililosahauliwa. Ni kitu kizuri. Lakini walikiweka kwa ajili ya kampuni na serikali zenye mkataba mkubwa nao. Radio ya jamii ya Ituri haina mkataba huo, wala haitaupata kesho.

Lakini mlango wa kuongeza vifaa haukufungwa kwa wengine. Fundi anaichukua ile faili winre.wim, anaifungua kwa programu iitwayo DISM ambayo imo tayari ndani ya Windows, anaweka vifaa vyake, anaifunga, anairudisha mahali pake, kisha anaiwasha kwa amri ya reagentc. Microsoft wenyewe wameeleza njia ya kuweka kitufe cha ziada kwenye kioo kile cha buluu, ili hata mtu asiyejua amri yoyote abonyeze na kuona kifaa chake. Masharti ni machache, ila ni makali. Programu inayowekwa iwe ile inayofanya kazi bila kusakinishwa. Iwe ya biti 64 kama mashini ni ya biti 64, kwa sababu mfumo huo mdogo haubebi zile za zamani za biti 32. Na nafasi iwepo. Mwezi wa kwanza 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama kwa ajili ya mazingira haya, likakataa kuingia katika kompyuta nyingi duniani kwa sababu tu sehemu ile ya uokoaji haikuwa na megabaiti 250 zilizo wazi. Kwa hiyo anayetaka kuongeza vitu aipime kwanza nafasi, asije akajaza gurudumu la akiba misumari.

Kitu cha kwanza kabisa ni kuuliza kama mazingira hayo yapo na yamewashwa. Amri ni reagentc /info, inaandikwa katika dirisha jeusi lililofunguliwa kwa haki za msimamizi wa mashini. Ni dakika moja. Kompyuta nyingi tunazoletewa zilifomatiwa mara nyingi na watu wengi, kila mmoja akikata disiki anavyotaka, na usishangae ukikuta sehemu ile ilifutwa ili kupata nafasi ya filamu.

Vifaa gani viongezwe? Mimi ningeanza na vitatu. Kinachosoma afya ya disiki, kwa maana disiki yenyewe huandika makosa yake ndani, na kuna programu za bure za kuyasoma, smartctl ni mojawapo. Cha pili, TestDisk pamoja na ndugu yake PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, navyo ni vya bure. TestDisk hurudisha sehemu ya disiki iliyopotea. PhotoRec, licha ya jina lake, haiishii kwenye picha: inachimba disiki na kutoa sauti, maandishi, video, ingawa majina ya faili hupotea, na utabaki kusikiliza moja baada ya nyingine ili kujua nani ni nani. Kwa radio, hiyo ni kazi ya mwezi mzima, lakini ningeifanya kwa furaha. Cha tatu ni programu nzuri ya kukopi folda nzima bila kuzunguka kwenye kidaftari.

Je, ingefaa kutumia PhotoRec baada ya kufomatiwa? Tulijaribu, tukiwa tumechelewa. Windows mpya ilikuwa imeandikwa juu, na kazi za majuma mengi juu yake tena. Tulipata vipande vya nyimbo na dakika 4 za kikao cha mkuu wa kata ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta. Na sisi tulikuwa na bahati ya kuwa na disiki ya zamani inayozunguka. Zile mpya zisizozunguka, ambazo sasa zimo katika kompyuta nyingi za mkononi, zikifomatiwa mara nyingi husafisha ndani kabisa, na hapo hata fundi wa Ulaya hana la kufanya.

Kuna pia flashi. Hapa nakubali kwamba kuna mafundi wasiopenda kugusa winre.wim, wanasema ni afadhali kuweka vifaa vyote kwenye flashi na kuiwashia kompyuta kutoka huko. Wana hoja. Hiren's BootCD PE ni ya bure, imejengwa juu ya msingi uleule wa mazingira ya uokoaji, na ndani mna vifaa vingi kuliko utakavyotumia. SystemRescue, ya ukoo wa Linux, ina ddrescue, ambayo hukopi disiki inayokufa kwa upole, ikianza na sehemu zilizo nzima. Kwa programu ya Ventoy unaziweka zote mbili katika flashi moja. Tena disiki ikifa kabisa, ile sehemu ya uokoaji iliyo ndani yake inakufa pamoja nayo, na ni flashi tu itakayokuokoa.

Lakini flashi hupotea. Huazimwa, huwekwa nyimbo, hurudi na virusi. Na mwandishi wetu aliye mbali, kwenye barabara ambayo leo inapitika na kesho haipitiki, hawezi kumngoja fundi wa Bunia amletee. Kwa hiyo nasema vyote viwili: vifaa vichache ndani ya mashini, na flashi moja iliyofungwa kwa kamba kwenye droo ya studio, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba si ya muziki.

Anayefikiri haya ni matatizo ya watu maskini wenye umeme mbaya, akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo sasisho baya la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows duniani, Microsoft ikakadiria kuwa ni milioni 8.5. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Dawa haikuwa kufomati. Watu walipita kompyuta moja baada ya nyingine, wakaingia katika mazingira ya uokoaji au hali salama, wakafuta faili moja mbaya, mashini ikaamka na vitu vyake vyote. Microsoft ilitoa hata kifaa cha kuweka kwenye flashi ili kuharakisha kazi hiyo. Baada ya hapo ilianza kuyafundisha mazingira ya uokoaji kutafuta dawa yenyewe kupitia intaneti, na jambo hilo liliingia katika Windows 11 mwaka 2025. Kwetu, ambako intaneti yenyewe ni ya kuhesabu megabaiti, nisingeweka tumaini langu lote huko.

Wala gurudumu la akiba si takatifu. Mwezi wa 10 mwaka 2025 sasisho moja la Windows 11 lilifanya klavye na kipanya vya USB visifanye kazi ndani ya mazingira hayohayo ya uokoaji. Fikiria: unafika mlangoni, na mkono wako haushiki kitasa. Walirekebisha ndani ya juma moja, kwa sasisho la tarehe 20 Oktoba. Somo nililolichukua mimi ni la kazi tu: jaribu mlango huo mara moja kila baada ya miezi michache, kwa kushikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kuwasha upya. Ukiingia na kutoka salama, endelea na kazi zako.

Na mkishaingia siku ya shida, mpangilio wa kazi una maana kubwa kuliko vifaa vyenyewe. Soma afya ya disiki. Kama inalalamika, usitengeneze chochote, kopi kwanza. Kuna mafundi wanaokimbilia chkdsk yenye kutafuta sehemu mbovu disiki nzima, na juu ya disiki inayokufa kazi hiyo nzito inaweza kuwa ndiyo ya mwisho. Kopi, hakikisha kopi inafunguka kwenye mashini nyingine, ndipo utengeneze. Kufomati kunabaki mwishoni kabisa, na mwenye kompyuta aulizwe huku akijua kitakachopotea.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua, na sina jibu jepesi. Kifaa kinachonifungulia disiki iliyokataa kuwaka kinamfungulia pia mwizi. Neno la siri tunaloandika asubuhi halizuii chochote katika dirisha la kidaftari lililofunguliwa kutoka kwenye flashi. Katika mkoa wetu, orodha ya familia zilizohama, zimetoka kijiji gani, zimelala wapi, inaweza kuua watu ikifika kwa wasiostahili. Kuna mwenzangu aliniambia wazi: «Kaka, ni afadhali majina yapotee kuliko yaibwe.» Sikumjibu siku ile. Bado nafikiri kwamba hatuna haki ya kuwachagulia wenye majina mojawapo ya misiba hiyo miwili.

Njia iliyopo ni kuficha disiki kwa namba, kwa BitLocker katika Windows iliyo nayo, au kwa VeraCrypt ambayo ni ya bure. Disiki ya namna hiyo ikiibwa haisomeki. Lakini hata wewe, ukiingia katika mazingira ya uokoaji, BitLocker itakudai ufunguo wake wa tarakimu 48, na asiye nao amepoteza kila kitu kama aliyefomati. Siku ile ya CrowdStrike kuna ofisi kubwa zilizohangaika kutafuta funguo hizo, maana zilikuwa zimehifadhiwa katika kompyuta zilezile zilizoanguka. Tena kompyuta mpya za Windows 11 zinaweza kujifunga hivyo zenyewe mtu anapoweka akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kutambua. Tarakimu 48 ziandikwe kwenye karatasi mbili. Watu wawili wazishike, nyumba mbili tofauti, kartye mbili tofauti. Hapa kwetu naongeza: wawe watu ambao siku ya kukimbia hawatakimbilia upande mmoja. Wasomaji wa Djugu wananielewa.

Kuna watakaosema: weka kopi tu, yote haya ya nini? Wana haki kwa nusu. Kopi ya kila Ijumaa katika disiki ya nje ingetuokoa kuliko kifaa chochote, na sasa tunaifanya. Lakini kopi ya Ijumaa haina majina ya Jumamosi, na katika siku mbaya, watu wakiingia mjini kwa maelfu, majina ya siku mbili ni mengi kuliko ya miezi mitatu. Na kuna mama mmoja aliyenisikia nikizungumza haya kwenye kipindi, akanipigia simu: «Sisi tunalala chini ya bashi, wewe unatuambia habari za kompyuta.» Nilimwuliza mama kama jina la mtoto wake limeandikwa mahali. Akasema ndiyo, limeandikwa kwa watu wa mashirika, na kwenu. Tukanyamaza wote wawili.

Kwa wale wanaotuletea kompyuta za msaada nina ombi. Mnapiga picha ya kukabidhi, tunashukuru, ni vizuri. Lakini kabla ya picha, fundi wenu atumie nusu siku: aangalie kama mazingira ya uokoaji yapo, aongeze vifaa vya kupima na kuokoa, aache flashi moja ya akiba, aandike funguo kwenye karatasi, na amwonyeshe mtu wa hapa namna ya kuingia na kukopi, mtu huyo afanye kwa mikono yake mwenyewe mbele yake. Gharama ni flashi moja. Wengi wanaleta kompyuta na antivirusi ya mwaka mmoja, wanafikiri wamemaliza.

Mafundi wa boulevard nao nisiwaache. Najua mteja anataka mashini yake leo, anataka bei ndogo, na kufomati kunalipa dola zilezile kwa saa mbili wakati kuokoa kunaweza kuchukua siku tatu. Basi wekeni bei mbili, wazi, ukutani. Mteja mwenye filamu atachagua ya kwanza. Mwenye majina, au mwanafunzi mwenye kazi yake ya kumaliza masomo, atachagua ya pili, na atauza hata mbuzi ili ailipe. Kijana aliyetufomatia sasa anafanya hivyo. Nilimtafuta, tukakaa, nikamweleza kilichokuwemo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimwonyeshe ile ya kidaftari.

Kwa familia zilizotuachia majina kabla ya juma lile: tunaomba mrudi. Tunapokea kila Jumanne na Alhamisi asubuhi kwenye mlango wa radio, na siku nyingine mwandishi wetu anapita kwenye kambi. Hatuulizi pesa. Tunaandika kwanza kwenye daftari kwa kalamu, kisha kwenye mashini, na Ijumaa tunakopi. Wale ambao ndugu zao walizungumza nasi miaka iliyopita, kama kuna mtu aliyerekodi kipindi kwa simu yake, hata kwa sauti mbaya yenye jogoo anayewika nyuma, alete simu hiyo tukopi. Mpaka sasa tumepata vipindi 6. Cha papa wa yule mama wa Kigonze hakijapatikana.